Kibuyu cha Nakunda

Namsifu alimwona bintiye angali kwenye kona ya chini kabisa ya njia, akitembea nyuma ya punda-mashine, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kufurahi. Aliingia jikoni akainua macho darini, pale juu ya mafiga, kuhakikisha kibuyu bado kinaning'inia. Kilikuwepo. Kwani kingekwenda wapi? Ndipo akatoka nje kupiga vigelegele kama mama yeyote ambaye mwanawe amekaa mjini mwaka mzima.

Kibuyu chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha Nakunda, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, na ndani yake mlikuwa na maharage ya mchozi, yale meupe yenye alama nyeusi chini ya jicho. Wageni hushangaa wakiambiwa hivyo. Mbegu za Nakunda zikae kwa Namsifu kwa nini? Basi ngoja nikuambie, maana usipolijua hili hutaelewa kitu. Pale kilimani Kwamrisha hakuna mwanamke anayelala nyumba moja na mbegu zake. Ukishavuna unachagua zilizo bora, unampelekea mwenzako azilaze juu ya moshi wa jiko lake, naye anazipeleka zake kwako au kwa mwingine. Mabibi waliopitia njaa za zamani ndio walioanzisha mtindo huo. Walijua kabisa kwamba mama mwenye watoto wanaolia atazitia mbegu zake chunguni bila kuomba ruhusa ya mtu. Za mwenzake ataona haya. Siku ya kupanda, aliyezilaza hubeba kibuyu, mwenye mbegu hutoa moja, huing'ata mbele yake na kusema, "Imelala vyema." Hakuna mizani wala daftari. Maneno mawili, basi, watu wanakwenda shambani.

Na Namsifu alizila. Miaka ishirini iliyopita alizitia chunguni mbegu zote za Nakunda, akala yeye na mwanawe, na hajamwambia mtu mpaka leo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko kwenye Mfuko wenu hamli?"

"Tunakula, mama. Ila hakuna anayejua kupika makande."

Wakacheka, wakakumbatiana, na punda-mashine akakunja miguu yake minne uani akazima. Mgongoni mwake kulikuwa na sanduku moja tu, la chuma, lililofungwa kwa mikanda miwili. Namsifu alilitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa mwenzake.

Naelijwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ilikuwa Msomaji wa Mfuko wa Kiganja. Mfuko huo hautoi trekta wala majumba. Unatoa ruzuku ndogo kwa watu wanaotunza mbegu za asili na kuzilima: saruji kidogo kwa huyu, wavu wa kuzuia ndege kwa yule, paa la ghala, pampu ya mkono. Mwaka huu Kwamrisha walikuwa wameomba saruji ya kuzibia ndiva, lile bwawa lao la kukusanyia maji juu ya mashamba. Lilikuwa na ufa ambao mtu anaweza kupitisha mkono. Zamani ingekuwa si neno, mvua ilikuwa ndefu. Siku hizi vuli ni siku nane, ukibahatika tisa, kisha mbingu zinafunga mlango. Maji yasiyoingia kwenye ndiva siku hizo nane utayafuata mtoni kwa ndoo, mwendo wa saa nzima kushuka na mbili kupanda, kila siku, mpaka maharage yashike maua.

"Kesho ndiyo kusoma kwenyewe, mbele ya watu wote," Naelijwa alisema baada ya kula. "Lakini leo inabidi niionjeshe mashine. Mbegu kumi na mbili tu, ili izoee udongo wa hapa. Mama mkubwa ameniruhusu nizichukue kibuyuni."

Mama mkubwa ndiye Nakunda. Hawakuwa ndugu wa damu, ila Naelijwa hakuwahi kumwita jina jingine tangu alipojua kusema.

"Si ungeionjesha ulezi wangu?" Namsifu alisema.

"Mama! Ombi limeandikwa mchozi. Na mchozi ndio pekee uliobaki safi."

Hilo lilikuwa kweli, na Namsifu alilijua. Mahindi yote ya mlimani yalikwisha kuchanganyika kwa upepo na mahindi ya tambarare, yale ya msimbo. Yale ukiyapanda yanakaa ardhini kama kokoto mpaka kampuni irushe ruhusa kupitia minara yake, na ruhusa hiyo hulipiwa kila msimu. Maharage hayana tabia hiyo ya kuchanganyika ovyo. Kwa hiyo kikao cha kilima kilipokaa kuchagua mbegu ya kuombea ruzuku, wote walitaja mchozi wa Nakunda. Namsifu alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Cha ajabu ni kwamba Nakunda mwenyewe alikataa mara tatu, akasema watafute nyingine, na watu wakacheka wakasema tazama alivyo mnyenyekevu.

Naelijwa aliweka mashine mezani. Ilikuwa na ukubwa wa redio ya zamani, na mdomo wa chuma juu. Akatumbukiza mbegu moja moja.

"Inazifanya nini humo ndani?" Namsifu aliuliza, ingawa hakutaka kujua.

"Inazisaga, kisha inasoma. Kila mbegu inapoiva, mama, inabaki na alama ya msimu iliyoupitia. Jua kali lina alama yake. Ukungu una alama yake. Hata udongo wetu huu mwekundu. Na alama hizo mbegu mama humwachia mbegu mtoto. Mashine inazifunua moja baada ya nyingine, ya juu kwanza, halafu ya chini yake, mpaka mwisho."

"Mwisho wapi?"

"Mpaka inakotoka."

Namsifu aliokota sufuria lililokuwa safi akaanza kulisugua.

"Kuna kampuni zilikuwa zinapaka rangi mbegu za kiwandani," Naelijwa aliendelea, macho kwenye kioo kidogo cha mashine. "Zinatafuta kijiji, zinamlipa mtu aseme ni za mababu, zinachukua cheti cha Mfuko. Ukishapata cheti, mbegu ni yako duniani kote. Ndiyo maana sasa kuna masharti mawili. Mbegu iwe imeishi misimu arobaini kwenye udongo wake. Na mwenyewe aitaje nasaba yake kwa kinywa chake, na maneno yake yaoane na mashine. Yasipooana, kilima kizima kinafutwa kwenye orodha, miaka kumi."

"Miaka kumi!"

"Hata mimi naona ni ukali. Lakini walituchezea sana."

Mashine ikatoa mlio mfupi. Naelijwa akainama kusoma. Akachukua mbegu nyingine kumi na mbili, akatumbukiza upya, akasubiri tena. Namsifu aliendelea kusugua sufuria lile mpaka mkono ukamuuma.

"Mama."

"Naam."

"Inasema misimu thelathini na tisa. Chini ya hapo hakuna udongo wetu kabisa. Kuna shamba la kiwanda, ng'ambo ya bahari." Alimgeukia. "Mama mkubwa anasema mchozi ni wa mama yake, na mama yake aliupata kwa bibi yake. Ingetakiwa iwe misimu mia mbili huko. Mashine haiwezi kukosea kiasi hicho. Nani kamdanganya mama mkubwa?"

Namsifu alifikiria kusema mashine imechoka na safari. Alifikiria kusema hajui, na bintiye angemwamini, maana hajawahi kumdanganya hata siku moja. Akaweka sufuria chini.

"Ni mimi," alisema.

*

"Ulikuwa na miaka mitatu," Namsifu alisema. Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza, jua likiwa bado juu ya kilima cha pili, na kuku wakipita katikati yao. "Ni mwaka ule minara ilipozimika. Kampuni zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, ruhusa haikurushwa, na nchi nzima ya chini mbegu zikalala ardhini zisiamke. Watu wa huko wakaupanda mlima kuja huku juu. Walikuja kwa maelfu, Nae. Tuliwauzia, kisha tukawapa, kisha wakachukua. Kufikia mwezi wa nane hapakuwa na hata kisamvu."

"Nimesoma habari hizo."

"Umesoma. Haya. Hujasoma kwamba uliacha kulia. Mtoto akilia njaa unaudhika, lakini unashukuru. Wewe uliacha. Ukawa unanitazama tu, na shingo yako ilikuwa nyembamba, na nilikuwa nikikunyanyua sihisi kitu mkononi." Alifuta pua kwa ncha ya khanga. "Mbegu zangu zilikuwa kwa Nakunda. Za Nakunda zilikuwa hapa, juu ya kichwa changu, kila nikiinua macho naziona. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nilikishusha kibuyu."

Naelijwa alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nilizipika kidogo kidogo, zikatufikisha siku kumi na moja. Nilikulisha mchuzi wake kwa kijiko. Siku ya sita ulilia, na mimi nikalia kwa furaha. Kisha ndege za msaada zikashusha magunia, maharage ya kula, meupe. Nilikaa chini nikayachambua gunia zima, nikitafuta yenye doa linalofanana na chozi. Nilipata kibuyu kimoja. Vuli ilipofika nikampelekea."

"Akaing'ata?"

"Akaing'ata. Akasema imelala vyema."

Kuku mmoja alirukia benchi, na hakuna aliyemfukuza.

"Kumbe nilikula mimi," Naelijwa alisema polepole. "Mbegu za mama mkubwa. Nilizila mimi."

"Na mimi nilikula. Usinibebee mzigo wangu." Namsifu alimshika goti. "Hana mtoto, Nae. Mama yake alimwachia maharage hayo, hana kingine cha mama yake. Miaka yote hii namwona akiyapanda, akiyasimulia watu, nami nimesimama pale kama gogo. Mara ngapi nimevuka mfereji nikamwambie! Nafika, ananipa kiti, ananitania, narudi nyumbani na maneno yangu."

Baadaye Naelijwa, ambaye kazi yake ilikuwa imemzoesha kufikiri kwa hesabu hata moyo ukiwa umevurugika, alihesabu vidole.

"Toka vuli ile mpaka masika iliyopita ni misimu arobaini. Siyo thelathini na tisa."

Namsifu naye akahesabu, kwa kokoto. Arobaini kamili.

"Basi mashine imeruka mmoja," Naelijwa alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulipata nuru kidogo. "Hutokea, ukame ukiwa mkali sana alama hupotea. Msomaji anaruhusiwa kusahihisha msimu mmoja kwa mkono wake, akiwa na hakika. Mimi nina hakika. Kwa hiyo mchozi huu, hata kama ulikuja kwa ndege, sasa ni wa hapa. Umetimiza. Kinachobaki ni nasaba. Mama mkubwa akisema kesho ni ya mama yake, kilima kinafutwa."

"Na asiposema hivyo, lazima awe amejua."

"Lazima awe amejua, mama."

Namsifu aliitazama nyumba ya ng'ambo ya mfereji. Moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni kwa Nakunda, na jiko lile lilikuwa na mbegu zake yeye, ulezi wake, zimelala salama kama zilivyolala kila mwaka, pamoja na mwaka ule.

*

Alikwenda asubuhi, jua lilipotoka tu, kibuyu mkononi. Nakunda alikuwa anakoroga uji. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sabini, mrefu, mwenye ulimi mkali na goti bovu, na vyote viwili alivitumia kupata anachotaka.

"Hodi, dada."

"Karibu, Mama Nae. Mbona umekuja na kibuyu mapema, unakifukuza kwako? Au kimekula sana?"

Utani wa kawaida tu, lakini ulimchoma Namsifu ubavuni. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama akasema yote, kuanzia shingo ya mtoto mpaka gunia la msaada, bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika hatamaliza. Nakunda hakuacha kukoroga. Mwiko ulizunguka, ukazunguka, na Namsifu alipofika mwisho uji ulikuwa umekwisha kuiva zamani.

"Umemaliza?" Nakunda aliuliza.

"Nimemaliza, dada."

"Shika hiki kikombe, kina moto." Alimmiminia, akajimiminia na yeye, akaketi kwa kuguna. "Sasa wewe, mke wa watu, miaka yote hii unadhani nina ulimi wa mbao?"

Namsifu akakodoa macho.

"Nimekula mchozi tangu sina meno. Mchozi wa mama ukiung'ata mbichi una uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Yale uliyoniletea yalikuwa na ladha ya karatasi. Nilijua palepale, kabla sijafumba mdomo."

"Lakini ulisema imelala vyema!"

"Ningesema nini? Nusu ya kilima imesimama pale. Na wewe khanga inakuzunguka mara tatu, na huyo mtoto umemfunga mgongoni kama kifurushi. Ningesema Namsifu mwizi?" Alipuliza uji. "Nilisema maneno kwa sababu watu walikuwa wanayasubiri. Lakini usidhani nilikusamehe siku ile. Nilikuchukia, Mama Nae. Nilikuchukia vibaya."

"Una haki, dada."

"Najua nina haki, sihitaji uniambie." Kisha sauti ikashuka. "Miaka ishirini! Nami nikisubiri siku utakapovuka huo mfereji useme. Kila ukija nasema moyoni, leo. Unaishia kuniomba chumvi."

Hapo Namsifu alishindwa. Alilia kama mtoto, kikombe kingali mkononi, na Nakunda akakitwaa asije akajiunguza, akamvuta kichwa kwenye bega lake.

"Basi. Basi, mama. Umeshavuka."

Walipotulia, Namsifu alimweleza habari za masharti: nasaba iwe ya kweli, misimu iwe arobaini, na jinsi mashine ilivyoruka mmoja lakini Naelijwa ataurudisha kwa mkono wake. Ndiva litazibwa. Alidhani Nakunda atafurahi. Nakunda badala yake aliuliza, "Imeruka upi?"

"Haisemi vizuri. Wa kwanza kabisa, nadhani. Kuna nini?"

"Kumbe inahesabu mpaka hapo," Nakunda alisema, kama anayejisemea. Akainuka akatafuta fimbo yake. "Twende. Watu wanatusubiri."

*

Watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa ndiva, waliooga na wasiooga. Ufa ulionekana wazi, maana maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha nyayo tu. Mzee Senzota, mwenyekiti wa ndiva, alikuwa amevaa koti lake la harusi. Naelijwa aliweka mashine juu ya jiwe, akatumbukiza mbegu, na wote wakasikiliza zinavyosagika.

"Mama mkubwa," alisema kwa sauti ya kazi, "taja nasaba ya mbegu hii."

Nakunda alisogea. Namsifu alikuwa nyuma yake hatua moja.

"Mbegu hii nilipewa na Namsifu," Nakunda alisema, "mwaka minara ilipozimika. Ilitoka kwenye magunia ya msaada. Ya mama yangu iliisha mwaka huohuo. Ililiwa."

Minong'ono ikapita kama mvua kwenye migomba. Mzee Senzota akauliza, "Ililiwa na nani?"

Nakunda hakujibu. Angeweza kunyamaza hivyo mpaka jioni, alikuwa na kichwa kigumu. Namsifu aliwatazama watu aliozeeka nao, mmoja mmoja, akapiga moyo konde.

"Na mimi," alisema. "Nilimlisha mwanangu."

Mwanamke mmoja mbele aliinamisha uso, kisha mwingine pembeni yake, na Namsifu akatambua, kwa mshangao, kwamba hawakuwa wanamwonea haya yeye. Mwaka ule vibuyu vilivyoshushwa vilikuwa vingi.

Naelijwa alikohoa. "Nasaba imeoana na mashine. Misimu iliyosomwa ni thelathini na tisa. Lakini kwa hesabu ya miaka ni arobaini, na Msomaji anaruhusiwa kusahihisha mmoja. Kwa hiyo nasahihisha." Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

"Usiguse," Nakunda alisema.

"Mama mkubwa?"

"Nimesema usiguse. Mashine haijakosea. Vuli ile ya kwanza sikuzipanda." Alimgeukia Namsifu, akawa kama anaongea naye tu, wengine wasikie wakitaka. "Ulinipa kibuyu nikaenda nacho nyumbani, nikazimwaga kwenye kopo, nikalitupa uvunguni. Nikapanda viazi vitamu. Nikasema goti linaniuma, shamba lipumzike."

Namsifu alikumbuka viazi vile. Alikumbuka alivyoogopa, na alivyofurahi kwamba hakuulizwa.

"Nilikuwa nimeapa sitazipanda kamwe," Nakunda alisema. "Zioze. Na wewe uone nimeziozesha, ujue nimejua. Sasa viazi vikaiva. Na huyu hapa," akamwelekezea Naelijwa fimbo, "akawa anavuka mfereji peke yake, kila siku, anakuja kusimama mlangoni. Hasemi hodi, hasemi nini. Anasema, 'Kiazi.' Nampa, anakaa kwenye mapaja yangu anakula. Siku moja nikamnyanyua nimrudishe kwao, nikamwona mzito. Mzito kabisa, mpaka goti likalia. Nikasimama naye katikati ya mfereji nikasema, kumbe mbegu za mama yangu hizi hapa. Zimeota, na zinaniomba kiazi. Masika ilipokuja nikatoa kopo uvunguni."

Naelijwa alikuwa analia waziwazi, kazi au si kazi.

"Naweza kuandika arobaini, mama mkubwa," alisema. "Hakuna atakayejua. Ni msimu mmoja tu."

"Namsifu amesema wake mbele ya watu wote hawa, halafu mimi wangu niufiche ndani ya mashine? Andika thelathini na tisa. Ule mmoja ni wangu."

Mzee Senzota alivua kofia akajipepea. "Kwa hiyo, Bi Nakunda, tunabeba ndoo msimu mzima kwa ajili ya hasira yako ya zamani?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Na ndoo ya kwanza nitabeba mimi."

"Kwa goti hilo?"

"Ya kwanza nimesema. Sikusema ya pili."

Mtu akacheka, kisha wengi, na hata Senzota alishindwa kukunja uso vizuri. Haikuwa kwamba hawakuumia. Saa moja kushuka, mbili kupanda, walizijua kwa miguu yao. Lakini Naelijwa aliwaambia mzunguko mwingine wa ruzuku unafunguliwa kabla ya masika, na mchozi ukipandwa vuli hii na ukaiva, utakuwa na arobaini zake bila msaada wa kidole cha mtu. Kisha akabonyeza kioo mara moja. Thelathini na tisa ikaenda ilikokwenda.

Ilibaki kupanda, maana siku ya kupanda ilikuwa hiyohiyo. Namsifu alikinyanyua kibuyu kwa mikono miwili akampa mwenyewe. Nakunda alitumbukiza vidole, akatoa mbegu moja, akalitazama lile doa lake jeusi, akaing'ata. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, hata watu wakaanza kutazamana.

"Jamani," alisema. "Ina uchungu kidogo, nyuma ya ulimi."

Namsifu aliinua macho.

"Imelala vyema," Nakunda alisema, na safari hii Namsifu aliyasikia maneno hayo akiwa amemtazama usoni. Naelijwa alikuwa amekwisha kuvua viatu vyake vya mjini, ameshika ndoo.